Vistari Vitatu vya Mchungaji

Mama Mchungaji alikuwa na saluni ya nywele, mdomo usiopinda kona na leseni ya udereva. Mume wake alikuwa na kanisa, sauti ya kutikisa madirisha, na tabia ya kukaa kiti cha abiria akiendesha gari kwa maneno. "Punguza. Sasa ongeza. Huyo atakuingilia, huyo!" Leseni hakuwa nayo. Mtihani aliufeli, akasema aliyemtahini alikuwa na roho chafu.

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, limepita mikono mingi kabla ya kuangukia kwao. Chini ya geji palikuwa na kioo kidogo chenye maandishi ya kijani, na kioo hicho kilikuwa na maneno mengi kuliko wateja wote wa saluni. Kilitangaza mlango wa nyuma uko wazi ilhali umefungwa. Kilidai servisi kesho yake baada ya servisi. Kilionya kwamba barabara ina barafu, huku watu njiani wanajipepea kwa magazeti. Mama Mchungaji alikibatiza jina la Mdaku. Jambo moja tu ndilo alilomwamini Mdaku, tena nusunusu: kilomita zilizobaki kabla ya mafuta kuisha.

Siku yalipoanza mambo, walikuwa wanatoka kwenye mkutano wa wachungaji katika mji wa juu mlimani. Mchungaji alikuwa amenuna. Wenzake walikuwa wamesimama mmoja mmoja kueleza jinsi makanisa yao yanavyofurika, na zamu yake ilipofika, mwenyekiti alimtambulisha kama "ndugu yetu wa kanisa lile dogo." Chakula cha mchana hakukigusa. Mama Mchungaji alipotaka kukata kona kuingia kituo cha mafuta, akaona foleni, na mume wake akasema, "Twende tu. Bwana atatufikisha."

"Bwana au Mdaku?" aliuliza mke. Akakipita kituo.

Mdaku alisema kilomita ishirini na moja. Walipoanza kupanda kilima cha mwisho, gari likinguruma kwa gia ndogo, akasema kumi na tano. Kabla ya kilele akasema tisa, na taa ya njano ikawaka. Hapo Mchungaji akafumba macho, akaweka kiganja juu ya dashibodi kama anampima mtoto homa, akaanza kusali kwa sauti ya Jumapili.

Gari likafika kileleni, likaanza kushuka. Mteremko ule ni mrefu. Mama Mchungaji akaondoa mguu kwenye pedali ya moto, akaliacha lijiendee.

"Amina," alisema Mchungaji, akafumbua macho. Mdaku alikuwa anasema kumi na nne.

"Mama. Ilikuwa tisa."

"Ilikuwa tisa."

Ikawa ishirini na mbili. Ikawa thelathini na nane. Mchungaji akashika kichwa kwa mikono miwili, machozi yakamtoka waziwazi, akaanza kuimba. Walipofika tambarare namba ikaporomoka kama ilivyopanda, mpaka Mdaku akaacha kuhesabu kabisa, akaonyesha vistari vitatu tu. Gari halikuzimika. Likavuka daraja, likapita soko, likaingia uani kwao likiwa zima.

Sasa, Mama Mchungaji alijua. Alikuwa ameshaendesha na vile vistari mara kadhaa alipokwenda kuchukua nywele za kusuka, na fundi wa gari alimweleza zamani. Mdaku haoni mbele. Anatazama tu gari limekunywa kiasi gani hivi karibuni, halafu anakisia. Ukipanda mlima, injini inakunywa sana, namba inashuka. Ukiteremka bila kukanyaga moto, hainywi karibu chochote, naye Mdaku anadhani utateremka hivyo maisha yako yote. Na vistari havina maana kwamba tangi ni kavu. Watengenezaji huacha akiba kidogo chini, kwa ajili ya watu kama Mchungaji.

Alifungua mdomo amwambie palepale uani. Lakini mume wake alikuwa ameshashuka, anapiga mluzi, anauliza kama kuna chochote cha kula. Akala sahani mbili. Ilikuwa muda mrefu hajamwona akila hivyo. Mkewe akaufunga mdomo.

Jumapili Mchungaji alipanda madhabahuni, akachora vistari vitatu ubaoni.

"Mnaona nini?" aliuliza.

"Vistari!" waliitika.

"Vingapi?"

"Vitatu!"

"Baba! Mwana! Na Roho Mtakatifu!"

Kanisa lililipuka. Mama Mchungaji, kwenye kiti chake cha mbele, alitazama viatu vyake kana kwamba ndio kwanza anakutana navyo.

Habari zikasambaa. Jumapili iliyofuata viti vilijaa, na iliyofuata watu wakasimama nje madirishani. Mchungaji akahubiri mahubiri yaleyale mara ya tatu, na sasa kulikuwa na zoezi: kila mwenye gari aende nalo mpaka vistari, ajionee mwenyewe. Muuza nyama, mzee wa kanisa mwenye shingo nene na gari la kubebea nyama, alikuwa wa kwanza kushuhudia. Alikwenda na vistari mpaka machinjioni na kurudi. Wa kwanza kuzimikiwa pia alikuwa yeye, siku ya pili yake, katikati ya mzunguko wa barabara, amebeba nyama ya ng'ombe mzima. Nzi walimfikia kabla ya mafuta. Alisema imani yake ilitetereka kidogo palepale kwenye mzunguko.

Mama Mchungaji alicheka hadithi hiyo mpaka akakaa chini. Ya mkunga hakuicheka.

Mkunga alikuwa mteja wake wa miaka mingi. Alikuja saluni kuoshwa nywele, akaegemeza shingo kwenye sinki, akaanza kusimulia akiwa amefumba macho. Alikuwa anawahi zamu, gari lina vistari, akajiambia si Mchungaji amesema. Likazimika nje ya mji. Akakimbia kwa miguu, viatu mkononi. Alipofika hospitalini, mtoto mmoja alikuwa ameshazaliwa mikononi mwa mfagizi wa wodi.

"Mzima?" aliuliza Mama Mchungaji. Maji yalikuwa yanamwagika sakafuni, hakuyaona.

"Mzima, mama yake mzima. Mfagizi ndiye aliyezimia." Mkunga akafumbua jicho moja. "Lakini niulize, Mama Mchungaji. Mimi imani yangu ina kasoro gani?"

Mama Mchungaji akafunga bomba. Alimsuka haraka, akafunga saluni mapema, akaenda kumtoa mume wake ofisini.

"Panda gari."

"Ninaandaa mahubiri."

"Ndiyo maana nimekuja. Panda."

Alimpeleka mpaka kwenye kilima kilekile. Hakujaza mafuta, kulikuwa na kidogo tu. Wakapanda, Mdaku akashuka mpaka kumi na moja. Kileleni mke alimgeukia. "Sasa usisali."

"Unasema nini?"

"Nyamaza tu. Kimya."

Wakateremka kimya. Namba ikapanda mpaka thelathini na tano. "Labda nilisali moyoni," alisema Mchungaji.

Mama Mchungaji akageuza gari, akapanda tena. "Safari hii taja wachezaji wa timu yako. Kwa sauti."

"Mke wangu, hii ni dhihaka."

"Kuanzia golikipa."

Wakaanza kuteremka, akawataja. Golikipa, mabeki, viungo. Alipofika kwa mshambuliaji ambaye amekuwa akimlaani msimu mzima, namba ilikuwa inapanda tu, tena kwa furaha. Mchungaji akaacha kutaja. Uso ulimshuka, akawa mdogo ndani ya koti lake.

Mama Mchungaji akamweleza yote: mlima, mteremko, akiba ya chini ya tangi. Alikuwa anaeleza huku wanapanda mara ya tatu, ili aone kwa mara ya mwisho, ndipo gari likakohoa, likatikisika, likafa. Safari zote hizo za mafunzo zilikuwa zimekunywa akiba yenyewe.

Wakashuka kusukuma mpaka pembeni. Mchungaji alisukuma kwa hasira, viatu vikiteleza kwenye kokoto.

"Ulijua tangu siku ile?"

"Tangu siku ile."

"Ukaniacha nihubiri mara tatu! Nimechora ubaoni! Utatu Mtakatifu, Mama!"

"Nilikuona umekula," alisema. "Ulikuwa huli. Ukala, ukapiga mluzi. Nikasema nikuache wiki moja. Halafu watu wakajaa, nikaogopa. Hilo ni kosa langu, si la Mdaku."

Mchungaji alikaa juu ya boneti. Lori lilipita, dereva akapiga honi na kusema neno lisilosemeka kanisani.

"Mkunga amepatwa na nini?" aliuliza hatimaye, maana mkewe alikuwa amemtaja katikati ya maelezo. Alipoambiwa, alisimama, akatoa dumu tupu kwenye buti, akaanza kutembea kuelekea kituo cha mafuta. Mama Mchungaji akamfuata. Walipofika karibu, mume akampa mkono kuvuka barabara, jambo ambalo kwa kawaida hufanya kwa maneno tu.

Jumapili alisimama mbele ya kanisa lililofurika, akafuta ubao, akasema alikosea. Akawaomba radhi mkunga na muuza nyama kwa kuwaelekeza vibaya. Halafu akafanya asilowahi kufanya: akamwita mke wake apande madhabahuni, aeleze mwenyewe. Mama Mchungaji akaeleza kwa lugha ya saluni, akifananisha tangi na chupa ya shampuu inayodhaniwa imeisha mpaka uigeuze, na kwamba ukiigeuza kila siku, ipo siku utabaki na povu kichwani na maji yamekatika. Mkunga alipiga makofi peke yake. Muuza nyama akasimama, akasema Mchungaji anajaribiwa na shetani, na mkewe pia, akatoka na nusu ya safu ya wanaume.

Wiki zilizofuata viti vikarudi kuwa vingi kuliko watu, ingawa si vitupu kama zamani. Mkunga alileta wauguzi wenzake, na mfagizi wa wodi akajiunga na kwaya.

Jioni moja Mchungaji alikuwa anakula, akaweka kijiko chini. "Kuna kitu kingine unakijua, na hujaniambia?"

Mama Mchungaji alifikiri kidogo. "Kipaza sauti," alisema. "Hukihitaji. Bila hicho tunakusikia mpaka sokoni. Ukikishika, watoto wa mstari wa mbele wanaziba masikio kwa vidole, na wewe unadhani wanatafakari."

Mchungaji alimtazama. Akavuta kiti karibu. "Endelea," alisema.