Daraja la Watu wa Ng'ambo

Karakana ya makochi ilikuwa mwisho wa mtaa, jirani kabisa na ziwa, na mwenye karakana alikuwa mwanamke ambaye watu wote walimwita Fundi, kana kwamba hapakuwa na fundi mwingine duniani. Alikata sponji, alivuta vitambaa, alipigilia misumari, na huku mikono ikifanya kazi mdomo nao haukulala. Mteja aliyekuja kuulizia kiti cha mtu mmoja aliondoka na habari za harusi mbili na talaka moja.

Siku mpima ardhi alipokuja kupaka alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa karakana, Fundi alikuwa amebana misumari midomoni na hakuweza kumwambia lolote. Mtaa ulisema yule mpima ana bahati ya pekee.

Alama ile ilikuwa ya daraja. Halmashauri ilitaka kupitisha barabara juu ya ziwa, ianzie pale mtaani na kutokea upande wa pili, ili malori ya barabara kuu yasizunguke. Karakana ingebomolewa, pamoja na safu nzima ya nyumba za nyuma yake. Malori yangenguruma mchana kutwa na usiku kucha kati ya shule na zahanati. Na ziwa lenyewe, dogo kiasi kwamba asubuhi tulivu unaona moshi wa majiko ya ng'ambo, lingejazwa kifusi na nguzo pale pale watoto wa mtaa walipojifunzia kuogelea.

Watu walikataa. Waliunda kamati, na mwenye duka la dawa akafanywa kiongozi kwa sababu alikuwa mtaratibu na alikuwa na viti vya kutosha. Wakaandika barua, wakatia saini, wakaenda mikutanoni. Lakini kila walikokwenda walikutana na ofisa yule yule wa halmashauri, kijana mwenye sauti ya kubembeleza. Aliwasikiliza mpaka mwisho bila kuwakatiza, kisha akawaambia kwamba anawaelewa sana, ila wasiwe wachoyo. Wenzao wa ng'ambo wanalilia daraja. Wagonjwa wao wanafia njiani wakipelekwa hospitali. Je, wana roho ya kuwanyima?

Hapo kila mtu alitazama viatu vyake. Nani angesimama aseme ndiyo, ninayo?

Nyumbani kwa Fundi hali ilikuwa ngumu zaidi. Mumewe aliendesha lori la mitungi ya gesi, taratibu mno, mpaka watu wakampachika jina la Gia Moja. Yeye alizaliwa ng'ambo, na alilitaka daraja. Alisema hivyo mezani, bila kupandisha sauti, na Fundi akamsogezea bakuli la chumvi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Tangu lini unawajali watu wa ng'ambo?" alimuuliza. "Kwenu kwenyewe huendi."

Hilo lilikuwa kweli. Fundi na wifi yake, mkunga wa zahanati ya ng'ambo, walikuwa hawasemezani kwa miaka. Wifi aliwahi kusema mbele ya wageni kwamba kochi aliloshonewa ni gumu kama benchi la mahakamani, na Fundi akajibu kwamba ugumu haupo kwenye kochi bali kwa aliyekalia. Gia Moja alikwepa lawama za pande zote mbili kwa kutokwenda kabisa. Alimpigia dada yake simu za salamu tu, na hata hizo akazipigia nje ya nyumba.

Mkutano wa mwisho ulipotangazwa, ule ambao madiwani wangepiga kura, kamati ilikutana dukani na wengi walikuwa wamekata tamaa. Mmoja alisema bora waanze kutafuta vyumba vya kupanga. Fundi aliwasikiliza wote mpaka mwisho. Halafu akasema anataka kwenda kuwatazama usoni hao wanaolia. Kama wanalia kweli, karakana yake ataibomoa mwenyewe kwa nyundo yake.

Aliporudi nyumbani alimwomba mumewe ampeleke.

"Mimi nalitaka daraja," Gia Moja alimkumbusha.

"Najua. Nakuomba lori, sikuombi kura."

Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa imeoza. Palipokuwa na lami zamani sasa palibaki visiwa vya lami, na kati yake mashimo ambayo lori lilishuka na kupanda kama linateremka ngazi. Vumbi liliingia mpaka kwenye meno. Fundi alishika dashibodi kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakuwa na la kusema. Jua lilikuwa limepanda sana walipofika.

Wifi alikuwa anaanika mashuka uani kwake. Alipowaona wakishuka hakukimbia kuwalaki, wala hakuingia ndani. Alibana shuka la mwisho kwenye kamba, akajifuta mikono, akawaamkia wote wawili kwa heshima zote. Kisha akamgeukia kaka yake.

"Mmekuja kuiaga nyumba?"

"Nyumba gani?"

Wifi alimtazama vizuri, kama anavyomtazama mgonjwa anayesema haumwi popote. Aliwatangulia nyuma ya nyumba yake, wakapita bustani ya mchicha, wakafika kwenye nyumba ndogo ya matofali ambamo mama yao aliwazaa na kuwalea, na ambamo alifia. Ukutani, kando ya dirisha la chumba alichokuwa akilala Gia Moja utotoni, palikuwa na X nyekundu, ndefu kama mtu mzima.

Gia Moja alisimama pale. Alipitisha kidole kwenye rangi ile, akakitazama kidole.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilijua unajua, kaka. Tuliambiwa ninyi ndio mnaolilia daraja. Ofisa alisema watu wa kwenu wamekubali wote, na sisi tusiwe wachoyo. Nikasema basi, kaka yangu amekwisha amua. Ningeanzaje?"

Fundi aliomba arudie alichosema ofisa. Wifi akarudia, neno kwa neno, mpaka na ile sauti ya kubembeleza. Fundi akaketi chini, pale pale kwenye kokoto, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na wifi ambaye hakujua kinachochekesha akajikuta anacheka pia.

Walipotulia, wifi aliwaeleza mengine. Wagonjwa walikuwa wanateseka kweli, hilo ofisa hakudanganya. Lakini kilichowatesa ni barabara ile ile waliyoipita asubuhi. Daraja lingewapita juu ya vichwa, likaungane na barabara kuu nyuma ya kilima. Mama mwenye uchungu wa kuzaa ili alifikie angepelekwa kwanza kwenye mashimo yale yale. Walikuwa wameomba barabara itengenezwe. Jibu walilopewa ni daraja.

Wakati wa kuondoka Gia Moja aliitazama tena ile X. Alipokwisha kuwasha lori alishusha kioo, akamwambia dada yake: "Siku ya mkutano nitakuja kuwachukua. Waambie wote."

Siku hiyo ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka madirishani. Madiwani walikaa mbele kwenye meza ndefu, mwenyekiti wao katikati, mama mnene mwenye miwani aliyejulikana kwa kutopenda kupotezewa muda. Gia Moja alikuwa ameondoka alfajiri, lori likiwa tupu bila mtungi hata mmoja, na basi moja la kukodi likimfuata. Hawakuwa wamefika. Simu yake ilikuwa haipatikani.

Ofisa alieleza michoro yake. Alipofika mahali pa watu wa ng'ambo aliteremsha sauti kwa huzuni, akasema wenzetu wale wanalia, waheshimiwa, wanalia. Mwenyekiti akauliza kama kuna wa mtaani anayetaka kusema kabla ya kura. Mwenye duka la dawa alisema aliyokuwa nayo, akayamaliza, akageuka kumtazama Fundi kwa macho ya mtu anayezama.

Fundi alisimama. Alianza na habari za daraja, akaenda kwenye ziwa, akasimulia jinsi kila mtoto wa mtaa alivyozama mara ya kwanza na nani alimvuta. Mwenyekiti alitazama saa. Fundi akahamia kwenye malori, akaiga mlio wa breki zao, watu wakacheka. Akaingia kwenye mbao na sponji na namna kochi lisilokuwa na fremu nzuri linavyomwangusha mgeni wa heshima. Mwenyekiti alimtaka afike kwenye hoja. Fundi alisema ndiko anakoelekea, mheshimiwa, hoja yenyewe iko njiani, inapata shida na barabara.

Ndipo honi ikalia nje. Ikalia tena, ndefu.

Mlango ulifunguliwa wakaanza kuingia. Walikuwa wekundu kwa vumbi kuanzia nywele mpaka vidole vya miguu, wazee, akina mama na vijana, nyusi zao zikiwa nzito kama zimepakwa unga. Kumbe basi lilikuwa limevunjika springi katikati ya njia, wote wakarundikana kwenye lori. Mbele yao alikuwa wifi, gauni lake jeupe la kazi likiwa halina tena sehemu nyeupe. Nyuma kabisa alikuja Gia Moja, akikohoa.

Wifi alikwenda mpaka mbele ya meza.

"Mheshimiwa mwenyekiti," alisema, "sisi ndio watu wa ng'ambo. Tumesikia kwamba tunalia."

Kicheko kilianzia madirishani kikashuka mpaka mbele, na madiwani wawili walishindwa kujizuia. Mwenyekiti alisubiri kiishe. Kisha akavua miwani, akauliza jambo moja tu: kati ya hawa waliofika, wanaolitaka daraja wanyooshe mikono.

Hakuna mkono ulionyooka.

Akauliza wanaotaka barabara. Mikono ikapanda, ya ng'ambo na ya mtaani pamoja, na kila mkono wa ng'ambo ulipopanda ulimwaga vumbi sakafuni. Mwenyekiti alilitazama vumbi lile likitua juu ya michoro. Alimuuliza ofisa ni nani hasa alimwambia kwamba watu wanalia. Ofisa akaanza kukunja karatasi zake.

Kura haikuchukua muda. Diwani mmoja baada ya mwingine alisema sikubali, na kila sikubali ilipokewa kwa vigelegele, mpaka sauti ya wa mwisho haikusikika kabisa, ila waliona midomo yake. Hapo hapo mwenyekiti aliagiza barabara ya kuzunguka ziwa iwekwe kwenye mpango wa mwaka huo, na iwe ya kwanza. Gia Moja, mtu ambaye hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti, alipiga ukelele mmoja ambao mtaa uliuongelea kwa wiki nzima. Fundi alimshika wifi yake kiunoni, wakatoka nje wakicheza, vumbi la mmoja likihamia kwa mwingine.

Watu wa ng'ambo walitaka kunawa. Mabomba ya ukumbini hayakutosha, basi umati mzima uliteremka ziwani. Walianza kwa kunawa uso na mikono, kama watu wenye adabu zao. Halafu kijana mmoja akajirusha na shati lake, mwingine akafuata, akina mama wakaingia na kanga zao, na maji ya ufukweni yakageuka mekundu kisha yakatulia taratibu. Mwenye duka la dawa aliingia na tai shingoni. Gia Moja aliogelea mbali kuliko wote, mpaka pale ambapo nguzo ya kwanza ingesimama, akageuka, akapunga mkono. Ufukweni watu wa pande zote mbili walimpungia, na Fundi akasikika akiwaambia watu ambao hawakuwa wamemuuliza kwamba yule pale ni mume wake.