Kanuni ya Nusu

Kwenye kituo cha hali ya hewa walimwita Nusu, na mwenyewe alijua. Jina lilitokana na kanuni aliyoitunga na kuisimamia kwa miaka mingi: kompyuta zikisema kimbunga kimebadili mwelekeo, mstari kwenye ramani ya umma usirukie njia mpya yote kwa mara moja. Usogezwe nusu. Taarifa inayofuata, kama kompyuta bado zina msimamo uleule, umaliziwe nusu iliyobaki.

Sababu zake zilikuwa nzuri. Zamani mstari uliruka huku na huku, watu wakahamishwa asubuhi, wakarudishwa mchana, wakaambiwa wahame tena jioni, mpaka mtangazaji mmoja wa redio akasema ramani za kituo zinachorwa na mlevi. Nusu alichukua vimbunga vyote vilivyopita, akavipigia hesabu upya, akaonyesha kwamba anayesogea nusu hukosea kidogo kuliko anayeruka. Si kila mara. Mara nyingi. Kwa mtabiri, mara nyingi inatosha.

Alikuwa na kanuni nyingine: hakuna mtumishi wa kituo kumwambia ndugu yake jambo ambalo umma haujaambiwa. Mwaka uliotangulia alimfukuza mchora ramani aliyemtonya mjomba wake. Mchora ramani alilia. Nusu alimpa karatasi ya kujifutia machozi, kisha barua.

Kimbunga cha safari hii, kwa taarifa ya asubuhi, kilikuwa kinaelekea mji wa bandari. Mama yake na dada yake waliishi huko. Dada hakungoja kuambiwa mara mbili. Mama alikuwa amevunjika nyonga na mfupa haujaunga, kwa hiyo shemeji alitandika godoro nyuma ya pikapu, wakambeba wakiwa wanne, wakashika barabara ya kusini mpaka mji wa kiwanda cha sukari, kwa kaka yake shemeji. Kila shimo la barabarani mama alilipa tusi lake, wala hakurudia.

Mchana mtaalamu wa joto la bahari, mwanamke mfupi aliyefanya kazi amesimama, alimwita mbele ya skrini.

"Mzee, njoo uone. Kimekata kona."

Nusu alivaa miwani.

"Modeli zote kubwa za kompyuta zinakipeleka kusini," alisema mtaalamu. "Kiwanda cha sukari, usoni kabisa. Halafu tazama hapa." Aliweka kidole kwenye doa jekundu katikati ya bahari. "Maji ya moto, tena moto wenyewe unakwenda chini sana. Na zile pepo za juu zilizokuwa zinakikata kichwa zimelala. Kikipita juu ya hili doa kitaumuka kama unga wenye hamira."

"Kiasi gani?"

"Daraja mbili kabla hakijagusa nchi kavu."

"Na hesabu za asubuhi zilisema wapi?"

"Bandari."

"Basi nusu."

"Mzee, hiki si kama vile vingine."

"Kila mtu kimbunga chake si kama vingine. Sogeza mstari nusu. Nguvu pandisha daraja moja."

Mtaalamu alipima kwa macho pale ambapo mstari ungeangukia. "Hapo katikati hakuna mtu. Ni miwa mitupu. Tunaionya miwa?"

Chumba kizima kilicheka, na Nusu akacheka kidogo pia, kwa kuwa mzaha ulikuwa sahihi. Kisha akatia saini. Mstari ukaenda kwenye miwa. Mji wa bandari ulibaki na rangi nyekundu, mji wa kiwanda ukapewa ya njano.

Simu yake iliita taarifa ikiwa bado haijamalizika kusomwa redioni.

"Mdogo wangu, tumefika," alisema dada. "Mama anasema afadhali kimbunga kuliko dereva."

"Mwambie dereva anasikia!" sauti ya shemeji ilipiga kelele kwa mbali.

"Shika, ongea naye kwanza, hatuna amani hapa."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hicho kimbunga chako kinakuja au kinaposa? Maana nasikia kinazungukazunguka tu, hodi hakipigi."

"Kinakuja, mama."

"Basi kije nikiwa kwangu. Godoro la watu lina mifupa kuliko mimi."

Dada akairudisha simu sikioni, na sasa hakukuwa na utani.

"Nimesikia mmeusogeza mstari upande huu. Kwetu nyekundu, hapa njano. Mwenye nyumba anasema upepo wa daraja mliyotangaza paa lake linaujua, ulishapita akiwa amelala. Lakini mimi roho haijatulia. Barabara bado iko wazi. Tukae, au turudi? Wewe ndiye mwenye kimbunga. Nipe neno moja tu."

Nusu alikuwa anaitazama skrini. Kule ambako mama alitaka kurudi, kwa hesabu zilizokuwa mbele yake, kungenyesha mvua ya kawaida. Alipo sasa ndipo palipokuwa na uso wa kimbunga. Alilijua hilo kwa uhakika wa saba kwa kumi. Alikumbuka pia, kwa sababu alikuwa mtu wa haki, kwamba katika mji wa kiwanda kulikuwa na maelfu ya mama wengine ambao watoto wao hawakukaa mbele ya skrini.

"Fuata taarifa, dada."

"Hayo ni maneno mawili."

"Fuata taarifa."

"Angekuwa mama yako ungesema hivyohivyo?"

"Ni mama yangu."

"Ndiyo maana nakukumbusha," alisema dada, akakata.

Mtaalamu wa bahari alikuwa amesikia kila kitu. Aliendelea kupima joto la maji, na joto liliendelea kuwa vilevile.

Jioni modeli hazikubadilika, na nusu ya pili ikatoka kama kanuni ilivyotaka. Mstari ulifika mji wa kiwanda cha sukari. Nguvu zilipanda daraja nyingine. Nusu aliisoma taarifa mwenyewe redioni, kwa sauti tulivu ambayo wasikilizaji waliipenda. Wakazi wa mji wa kiwanda waliombwa wabaki ndani, mbali na madirisha, kwa sababu mto ulikuwa umejaa na polisi walikwishafunga daraja la barabara ya kaskazini. Simu mfukoni mwake ilitetemeka tangu sentensi ya kwanza mpaka ya mwisho. Alipotoka studio alipiga, na mtandao wa upande ule ulikuwa umekufa.

Kimbunga kiligusa nchi kavu asubuhi. Jicho lake lilipita juu ya bomba la kiwanda. Mjini bandarini mvua ililaza vumbi, na nguo ambazo dada alizisahau kambani zilikutwa kambani, zimelowa tu.

Kwenye nyumba ile paa lilikwenda la kwanza. Wenye miguu waliingia chini ya meza kubwa ya kulia chakula. Mama hakuweza kukunja nyonga, na walipojaribu kumvuta na godoro lake, godoro lilikwama kwenye mguu wa meza. Shemeji alikuwa bado anavuta godoro ukuta ulipoanguka. Yeye alipoteza vidole vya mkono wa kulia.

Wiki iliyofuata wizara iliandika kukipongeza kituo. Ukilinganisha mstari wa mwisho na njia halisi, kosa lilikuwa dogo kuliko upana wa mji. Haukuwahi kutokea utabiri wa karibu namna ile. Barua ilibandikwa ubaoni, na hakuna aliyeibandua alipoingia dada yake Nusu akiwa amevaa nguo za msiba.

Aliketi kwenye kiti cha mtaalamu wa bahari. Aliisoma barua kwa utulivu, yote.

"Nilipokupigia mchana," alisema, "ulijua?"

Nusu hakuwa mwongo. "Nilijua saba kwa kumi."

"Na mkatangaza miwa."

"Tulisogeza nusu. Ni kanuni, dada. Nikikuonyesha hesabu utaona. Kwa vimbunga vingi, kwa watu wengi, nusu inaokoa kuliko..."

"Nimekuelewa. Usinionyeshe." Alinyoosha kitambaa magotini. "Nusu mchana, nusu jioni."

"Ndiyo."

"Na ile ya jioni inafika wakati daraja limefungwa."

"Safari hii, ndiyo."

Dada aliitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei na kuikubali.

"Mama alikuwa na akili zake mpaka mwisho. Sisi tuko chini ya meza, yeye yuko juu ya godoro, ananitazama. Aliniachia ujumbe wako. Si mrefu. Akasema, 'Mwambie mwanangu kwamba mimi...'"

Nusu alingoja. Mtaalamu wa bahari, aliyesimama mlangoni na kikombe cha chai, alingoja pia.

"Kwamba yeye nini?"

"Hiyo ndiyo nusu," alisema dada.

"Dada."

"Iliyobaki ninayo. Haipotei. Nitakupa nikiona wakati wake umefika, kwa hesabu zangu." Alisimama, akakirudisha kiti mahali pake, akamshukuru mtaalamu kwa kumwazima.

Tangu siku hiyo Nusu humpigia kila mwisho wa mwezi. Dada hupokea. Humsalimia vizuri, huuliza watoto wanaendeleaje, humweleza jinsi shemeji anavyojifunza kushika kijiko kwa mkono wa kushoto. Nusu akiuliza, humjibu kwa upole kwamba bado.

Msimu huu kulitokea kimbunga kingine. Modeli zilikata kona mchana. Mtaalamu wa bahari aliishika kalamu juu ya ramani, akamgeukia.

"Mzee, ngapi?"

Nusu alizipitia upya hesabu zake zote, pamoja na kimbunga kile. Kanuni ilikuwa bado sahihi.

"Nusu," alisema.