Vifungo vya Njia ya Pwani

Safari ile ilianza na kifungo cha koti, kikubwa, cha rangi ya kahawa, ambacho kilikuwa kimekaa kwenye kopo miaka na miaka kikikosa koti la kukifaa. Bi Pindo alikishona chini kabisa ya kitambaa cha ramani yao, akakata uzi kwa meno, akasema, "Hapa ni sisi." Kisha akachagua kingine, cheupe, akakishona juu kabisa. "Na hapa ni kwa mwanao."

Wifi yake alitazama ile nafasi kati ya kifungo na kifungo. "Mbona karibu hivyo?"

"Kwenye kitambaa kila kitu ni karibu," alisema Bi Pindo.

Bi Pindo lilikuwa jina la kazi. Hakuna mtaani aliyepinda suruali na mapazia kama yeye, na hakuna aliyekuwa mzito kama yeye kutoa neno lililomkaa moyoni. Wifi yake, dada wa marehemu mumewe, alikuja msibani na begi moja, akasema atakaa mpaka mjane apate usingizi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu siku ya tatu alijichukulia sindano mwenyewe, akaanza kushona vifungo na matundu yake, kazi ambayo Bi Pindo haipendi mpaka leo. Usingizi ulirudi. Miaka ikapita. Begi likawa la kuwekea vipande vya bitana.

Sasa binti wa wifi alikuwa amejenga, mbali huko, mwisho wa barabara inayofuata bahari. Alipiga simu asubuhi moja, sauti yake ikajaa duka zima la ushonaji. "Mama, chumba chako tayari. Umeshona vya kutosha, njoo upumzike." Wifi akasema haya, atakuja. Bi Pindo alikuwa amesimama pale pale, mkasi mkononi, na alitaka kusema usiende. Badala yake alisema, "Nitakusindikiza."

Angemzuia kwa haki gani? Mumewe ndiye aliyewaunganisha, na mumewe hayupo. Mama ni wa mwanawe. Damu nzito kuliko maji, wanasema, na katika hesabu hiyo Bi Pindo alijiona maji. Alichoweza kufanya ni kuifanya njia iwe ndefu.

Gari lilikuwa la jirani, dereva mstaafu wa basi la shule, ambaye watoto walimpa jina la Mzee Taratibu na jina likamganda. Mzee Taratibu aliendesha kana kwamba kila abiria ni trei ya mayai. Hata hivyo yeye mwenyewe alisema barabara ile ni ya siku moja, ukitoka alfajiri.

"Siku moja?" Bi Pindo akaruka. "Na mgongo wa wifi je?"

"Basi tutalala njiani mara moja."

"Tutalala kadiri mgongo utakavyotaka."

Mzee aliwaazima ramani yake ya zamani, iliyochakaa kwenye mikunjo. Bi Pindo akafanya kama afanyavyo fundi yeyote akipewa kitu cha kunakili: akatandika kitambaa mezani, upande wa ndani juu, akaweka karatasi ya kaboni, akaweka ramani, akapitisha kigurudumu chake cha meno, kile cha kuhamishia alama, kufuata barabara, ghuba kwa ghuba. Akazipitia alama kwa cherehani na uzi mwekundu. Kisha akageuza kitambaa upande wa uso, ule wa kutazamwa na watu, akashonea kipande cha bitana ya buluu kuwa bahari, akakitundika ukutani juu ya meza ya kukatia. Ramani ikarudi kwa mwenyewe jioni ile ile.

Kilipendeza, hakuna ubishi. Barabara nyekundu ilipanda kutoka chini hadi juu, na bahari ikaifuata mkono wa kushoto.

"Basi wewe utakaa kushoto," Bi Pindo alimwambia wifi yake. "Dirishani. Bahari yote ni yako."

"Na wewe utatazama nini?"

"Nitakutazama wewe ukitazama."

Wifi alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali.

Wakaanza kupanga. Walipanga ile saa baada ya chakula, joto linapokaa dukani kama mtu mwenye deni la maongezi, wateja wanapojificha vivulini na cherehani zinanyamaza. Walitandika mkeka chini ya ukuta wa kitambaa, wakaegemea marobota, wakafumba macho.

"Leo tunalala wapi?" aliuliza Bi Pindo kila mara.

Kifungo cha kwanza cha njiani kilikuwa cha kijani, kilichobaki kwenye blauzi ya mwalimu mmoja asiyerudi kuichukua. Hapo palikuwa na nyumba ya wageni yenye ukumbi mrefu na sakafu nyekundu ya saruji, iliyosuguliwa mpaka ukiona uso wako ndani unausalimia. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuiona. Lakini wifi alijua kuwa mwenye nyumba ni bahili wa sabuni, anakata kipande kwa kisu na kukupa cha ukubwa wa kidole gumba, na Bi Pindo alijua kuwa kitanda cha karibu na mlango kinalia.

"Kilale wewe," alisema wifi. "Mimi nikigeuka kitaamsha mji."

"Wewe hata kitanda kikinyamaza mji unaamka. Unakoroma."

"Sikoromi. Napumua kwa bidii."

Siku nyingine walifika kwenye kifungo cha gamba la chaza, chenye rangi zinazobadilika ukikiinamisha. Huko barabara ilipita karibu sana na maji mpaka vioo vya gari vilipata chumvi. Chumba kilikuwa ghorofani, kina dirisha moja tu, na pazia lake lilikuwa limepindwa vibaya. Bi Pindo hakuweza kulala kwa ajili ya pindo lile. Akalifumua, akalishona upya pale pale, miguu ikining'inia kitandani, huku wifi yake anamwambia kuwa hata peponi atakwenda kukagua mapindo ya malaika. Upepo uliingia. Pazia jipya likajaa, likapumzika, likajaa tena, na wao wawili wakalitazama mpaka mtu alipokohoa.

Alikuwa mteja amekuja kuchukua suruali, amesimama mlangoni kofia mkononi. "Samahani, mama zangu. Mmelala?"

"Tumefika," alisema wifi, macho bado kayafumba. "Suruali yako ipo kwenye msumari wa pili."

Vifungo viliongezeka. Kila safari ilipokaribia kuiva, Bi Pindo aliona kasoro. Kati ya kile cha kijani na kile cha chaza palikuwa parefu mno, mgongo hautavumilia, akashona cheusi. Baada ya cha chaza lazima pawe na siku ya kufua nguo. Akashona cha buluu. Pakawa na mji wa kula samaki, na mji usio na sababu yoyote ila jina lake lilikuwa zuri mdomoni. Kila kifungo kilikuwa usiku mmoja zaidi wa kusikia wifi yake akipumua kwa bidii kitanda cha pili. Alivishona kwa haraka, kwa furaha ya mwizi, akiimba chini kwa chini.

Mzee Taratibu alipopita nje na kusikia hesabu mpya za vituo, alitikisa kichwa. "Kusindikizana ni mpaka kona ya barabara, mabibi. Nyinyi mnakwenda kwa mwendo wa jongoo. Mtafika mjukuu wenu ameoa."

"Mwenda pole hajikwai," alijibu Bi Pindo.

Hakuona kuwa wifi yake alikuwa ananyamaza siku hadi siku. Au aliona, akadhani ni moyo umeshatangulia kwa mwanawe. Siku moja alirudi kutoka kununua nyuzi akakuta vipande vya bitana vimemwagwa mezani, vimekunjwa vizuri rangi kwa rangi, na lile begi limefuliwa, linaning'inia kwenye kamba uani, linadondosha maji. Bi Pindo alisimama mbele ya begi lile kama aliyekutana na mtu anayemdai. Maji yalidondoka mpaka yakaisha. Aliingia ndani akatafuta kifungo kingine kwenye kopo, lakini uzi ukakataa kuingia kwenye sindano. Wifi yake akamtungia.

Siku za kuahirisha nazo zina mwisho. Binti alipiga simu tena, safari hii sauti imepungua sukari, na siku ya kuondoka ikapangwa. Alasiri ya mwisho Mzee Taratibu akaja kuangalia hivyo vituo vyake, maana dereva hawezi kuendesha ndoto ya watu bila kuiona. Aliingia, akavua viatu kwa heshima ya marobota, akasimama mbele ya ukuta. Akainamisha kichwa huku, akakiinamisha kule.

"Mabibi," alisema hatimaye. "Bahari imehama lini?"

"Imehama vipi?"

"Ukitoka hapa kwenda huko, bahari iko kulia. Nimepita barabara hiyo kabla sijaota ndevu. Hapa mmeiweka kushoto."

Bi Pindo alikishusha kitambaa, akakigeuza. Upande wa ndani, zile alama za kaboni zilikuwa zimekaa sawasawa kama ramani ya mzee: barabara inapanda, na bahari ingepaswa kuwa kulia. Upande wa uso kila kitu kilikuwa kimepinduka. Fundi huchora ndani, hushona ndani, kisha hugeuza; amefanya hivyo maisha yake yote, na shati halijawahi kulalamika. Mafundi wawili walikuwa wamekaa chini ya kitambaa kile wiki kwa wiki, na hakuna aliyeshtuka.

"Tutakifumua," alisema Bi Pindo. "Chote. Tuanze upya." Na uso wake, bila ya yeye kujua, uling'aa. "Hatuwezi kuondoka kesho na ramani mbovu."

"Mimi sihitaji ramani," alisema Mzee Taratibu. "Macho ninayo." Kisha akaona namna wale wanawake walivyokuwa wanatazamana, akakumbuka kuwa gari halina maji, akatoka na viatu vyake mkononi.

Wifi alikuwa amekaa kwenye kigoda chake cha kushonea. "Kazi ya wiki kadhaa imeharibika," alisema taratibu, "na wewe umefurahi. Sijawahi kukuona ukifurahia kufumua."

Bi Pindo akashika mkasi, akauweka. Angeweza kusema neno lolote la njiani, la mgongo au la kufua nguo. Alikuwa nayo mengi.

"Ikiharibika hatuondoki," alisema. "Hivi vifungo vyote, wifi, si vya mgongo wako. Nilikuwa nakuchelewesha. Kila nilichoshona, nilishona ili usifike."

Wifi alitikisa kichwa. "Mimi nilikuona unashona unaimba, kama unayefurahia niende. Nikasema, haya, akufukuzaye hakwambii toka. Nikafua begi."

"Mimi nikufukuze?"

"Sasa ningejuaje? Ulisema utanisindikiza. Hukusema kingine."

Ilikuwa kweli, na iliuma kuliko kama ingekuwa uongo. Nje, Mzee Taratibu alisikika akifungua mlango wa gari na kuufunga, kuufungua na kuufunga, kama mtu mwenye shughuli. Bi Pindo aliketi mkekani, kitambaa mapajani, bahari yake upande mbaya, akalia bila kujificha. Hakuwa amelia hivyo hata msibani, maana msibani alikuwapo mtu wa kumshika mgongo, na mtu huyo ndiye huyu anayeondoka.

Wifi alishuka kwenye kigoda, polepole kwa sababu ya mgongo, akaketi karibu yake. Akachukua kona ya kitambaa, akapitisha kidole juu ya vifungo, kile cha kijani, kile cheusi, kile cha chaza, mpaka juu.

"Usifumue," alisema.

"Lakini tumekosea. Sasa itabidi wewe ukae kulia, ndiko kwenye bahari. Mimi nikae kushoto."

"Hapana. Mimi nitakaa kushoto vile vile ulivyonipangia."

"Utatazama vichaka njia nzima?"

"Nitatazama vichaka," alisema wifi. "Kwenda, bahari itazame wewe. Mimi yangu nitaiona huku huku kushoto, tukirudi."

Bi Pindo aliweka kitambaa kando. Alimshika mkono wifi yake, ule wenye kidole kilichochomwa na sindano mpaka kikawa kigumu, akaushikilia.