Swali la Aldona Msituni

Tangu majani yaanze kugeuka manjano, Rimvydas aliishi kama mtu aliye chini ya maji. Sauti za watu zilimfikia kwa mbali. Na kila alipofumba macho, wazo lilelile lilimjia, tena kwa upole, likimnong'oneza kwamba dunia ingepumua vizuri bila yeye.

Jumapili moja dada yake, Aldona, alimkokota kwenda kuokota uyoga. Ukungu ulikuwa umelala msituni, na misonobari ilielea kana kwamba haina mizizi. Rimvydas, ambaye kijiji kizima kilimsifu kwa jicho lake la kugundua uyoga, alikanyaga uyoga mnono bila kuuona.

"We! Umemponda mfalme wao!" Aldona alicheka. "Macho umeyasahau kwa mwanamke gani?"

Rimvydas aliendelea kutembea. Aldona akaacha kucheka, akatua kikapu, akamshika mkono.

"Mdogo wangu, nakuuliza, na usinifiche. Unafikiria kujiua?"

Rimvydas alingoja msitu uwaporomokee. Haukuporomoka. Mahali fulani ndege aliendelea kugongagonga mti.

"Sitaki kufa, dada. Nataka tu nisiwepo. Nimechoka." Machozi yakamtoka. "Nikadhani nimekuwa mtu mbaya."

"Mbaya wapi! Unaumwa. Nyongo ilipokusumbua, si ulikwenda kwa daktari?"

"Watanifungia."

"Basi watufungie wote wawili, tuone nani atanivumilia nikikoroma."

Hawakupitia hata nyumbani. Waliingia hospitali ya mjini na viatu vya matope. Daktari, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, hakushtuka. Alisema sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa, huleta mawazo hayo kama homa inavyoleta ndoto za ajabu: yanatisha, lakini yanatibika. Akauliza mengi, akasikiliza. Wakapanga wote watatu nani apigiwe simu wazo likizidi. Rimvydas hakufungiwa; alipewa dawa, na siku ya kurudi kuzungumza.

Hakupona mara moja. Kuna jioni wazo lilirudi, naye akampigia Aldona, wakaongea upuuzi mpaka likalegea.

Theluji ya kwanza ilimkuta mezani kwa dada yake, akikoroga supu ya bitiruti.

"Supu yako haina chumvi," alinung'unika, kama alivyokuwa akinung'unika zamani.

Aldona aligeukia kabati haraka, akajifanya anaitafuta chumvi, akaitafuta kwa muda mrefu sana.