Kiti cha Mama Chini ya Mwale

Mtaani walimwita Mtaalamu, na jina lilimkaa. Kazi yake ilikuwa kubuni mwale wa maikrowevu utakaoleta umeme wa jua kutoka angani hadi uwanja wa antena uliokuwa nyuma ya nyumba zao. Aliutandaza mwale ukawa mpana, mpaka makali yake yakawa madogo kuliko ya jua la mchana.

Majirani walikuwa wagumu kuamini. "Maikrowevu si ndiyo ile ya jikoni?" aliuliza fundi cherehani. "Tutapashwa moto kama kiporo!"

Aliyewatuliza ni mama yake. Alipita nyumba hadi nyumba akisema, "Mwanangu hawezi kuwadanganya. Nimemzaa mimi."

Siku ya majaribio mwale ulirushwa kutoka mnarani, kwa kuwa setilaiti ilikuwa bado haijapelekwa angani. Taa zikawaka uwanjani, watu wakapiga makofi. Fundi cherehani alikunja mikono.

"Basi ingia mwenyewe, usimame humo tukuone."

Mtaalamu akacheka, kicheko cha mtu anayetafuta pa kupitia. Hesabu alizijua kama jina lake, ila miguu nayo ilikuwa na hesabu zake. Akaanza kueleza habari za taratibu na vibali. Watu wakatazamana.

"Jamani, mambo gani haya? Naingia mimi," mama yake akasema. Akabeba kiti chake cha plastiki, akainama chini ya kamba iliyozungushiwa uwanja, akaketi katikati ya antena, mkoba mapajani. "Mnaona? Hata joto sihisi."

"Zima!" Mtaalamu aliwapigia yowe waliokuwa mnarani kabla hajajijua. "Zima haraka! Mama yangu yumo!"

Taa zote zikazimika. Hakuna aliyemcheka, na afadhali wangecheka. Mwenye macho haambiwi tazama: fundi cherehani alimshika mkewe mkono wakaondoka, na wengine wakafuata.

Aibu ilimpanda Mtaalamu hadi masikioni. Hesabu zilikuwa sahihi, mama angeweza kukaa pale hata mpaka jioni. Nani angemwamini sasa?

"Mama, ni salama, naapa," alisema, akitaka kumpokea kiti.

Mama hakukiachia. "Nimebisha hodi kila mlango, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Ungeniambia mapema kwamba unaogopa."

Akatangulia kwenda nyumbani, kiti kichwani, akipitia uchochoro wa nyuma, asije akakutana na mtu.