Waliomfuata Scolastika

Mwaka 1971, miaka kumi ya Uhuru ilipokaribia kutimia, tawi la TANU la Maganzo liliagizwa kuchagua mtu wa kujitolea, wa kuwahimiza wananchi wajitokeze kwenye sherehe za Desemba. Walioomba walikuwa wawili tu: Bujiku, mcheza ngoma ya nyoka, na Scolastika, mjane muuza uji.

Bujiku hakumshangaza mtu. Palipo na macho mawili ya kumtazama, Bujiku yupo. Aliyewashangaza ni Scolastika. Mumewe alitoka naye Ushirombo kuja kutafuta almasi, akaambulia homa, akazikwa hapahapa. Tangu hapo, kila mvua za kwanza zikinyesha na watu wakianza kurudi makwao kulima, jirani yake Apolonia humuuliza kwa upole kabisa, akimwita mama kwa Kisukuma, "Mayu, utarudi lini kwenu?" Maganzo imezoea wachimbaji wanaokuja na kupotea, hata mtu akikaa miaka tisa bado anaonekana kama amefunga mizigo. Swali lile lilimchoma Scolastika. Mume kamzika hapa, mtoto kamzaa hapa. Kwao kupi tena? Alitaka achaguliwe ili swali lile life.

Mzee Mihayo, mwenyekiti wa tawi, hakuiamini kura ya mikono, maana mkutano uliopita kuna walionyoosha yote miwili. Akaamua shauri liamuliwe kwa desturi ya mbina, mashindano ya ngoma ya Wasukuma: kila mmoja achezee upande wake wa uwanja, wakati uleule, na atakayevuta watu ndiye mshindi.

"Mwenyekiti, mimi sina ngoma," Scolastika alisema.

"Una nini?"

Akafikiri. "Nina kinu."

Watu wakacheka, naye akacheka nao, ingawa roho ilikuwa juu juu.

Jumamosi kinu kikabebwa hadi uwanjani. Kwao Scolastika wanawake watatu hutwanga kinu kimoja kwa wimbo. Kila mmoja hurusha mchi juu, hupiga kofi, kisha huudaka kabla haujamtoa mwenzake meno. Apolonia na binti yake walikubali kusaidia, Apolonia kwa udaku zaidi kuliko wema. Scolastika akaanzisha wimbo, na kila aliyepita akamtaja kwa jina na kumtania: huyu hupuliza uji mpaka unapoa, kisha analalamika umepoa. Waliotaniwa wakasimama wajitetee, wakajikuta wanaitikia. Punde si punde watu wakawa wanagombea michi. Ng'ambo ngoma za Bujiku zilikuwa zinalia na watu wake walikuwa wengi pia, lakini Scolastika aliona anaweza kushinda, akazidi kupaza sauti.

Ndipo Bujiku akafungua kikapu. Chatu akatoka taratibu, akapanda begani, akajizungusha shingoni, na Bujiku akaanza kucheza naye uso kwa uso kama watu wanaonong'onezana. Watu wa kinu waligeuza shingo, lakini hawakuhama. Scolastika alikuwa amesikia tu habari za ngoma hiyo. Marehemu mumewe aliogopa nyoka hata wa kuchorwa. Akasimama kwa ncha za vidole. Hakuona vizuri. Mshindani mwenye akili angeinamisha kichwa atwange. Yeye aliweka mchi chini, akakaza kanga kiunoni, akaenda kutazama.

Alishafika mbele kabisa, mdomo wazi, alipokumbuka anashindana na nani. Akageuka. Kule kwenye kinu walibaki kuku tu, wakidonoa mtama. Watu wake wote walikuwa nyuma yake, na Apolonia alikuwa bado ameshika mchi. Basi, yamekwisha, akajiambia. Machozi yakamlengalenga, ingawa jicho moja halikumwacha chatu.

Mihayo akanyamazisha ngoma. "Kwa mbina, Bujiku kashinda."

Vigelegele vikapigwa. Mzee akangoja vitulie.

"Lakini Desemba ngoma ipo tayari. Tunatafuta wa kuwafikisha watu kwenye ngoma. Bujiku, hawa wa kinu ulipomtoa chatu walikuja?"

Bujiku alipenda sifa, ila hakuwa mwongo. "Hawakuja, mzee. Walimtazama kwanza huyu mama. Alipokuja, wakaja."

"Basi ndiye."

Sauti ikatoka nyuma: "Lakini huyo ni mgeni."

"Mgeni hufuata watu," alisema Apolonia, mchi begani. "Huyu sisi ndio tumemfuata."

Bujiku akamrudisha chatu kikapuni. "Siku hiyo wewe walete, mama," alisema. "Kuwashika niachie mimi."

Wiki iliyofuata mvua ya kwanza ikanyesha. Asubuhi Apolonia akasimama mlangoni kwa Scolastika, matope miguuni, kama alivyosimama kila mwaka. Scolastika akaacha kukoroga uji, akasubiri.

"Mayu," alisema Apolonia, "tunaanza lini kulima?"