Tulishinda Kesi ya Mtangazaji

Mimi ni wakili, mdomo ndio jembe langu, kwa hiyo mtu asinifundishe kunyamaza. Ofisini kwetu kesi hupokewa kwa zamu: anayeingia siku yako ni wako, upende usipende. Siku yangu akaingia mtangazaji wa redio aliyeshtakiwa kwa kumvunjia heshima kiongozi. Kiongozi mwenyewe ni shemeji yangu, mume wa dada yangu, diwani, marehemu tayari. Mtangazaji alisema hewani kwamba shemeji aliuza uwanja wa shule.

Wenzangu waliniambia, "Huyu mpe mwingine." Kiburi kikanishika. Nikajiambia, wakili anayetetea maneno matamu tu anatetea nini? Katiba haikuandikwa kwa ajili ya kulinda salamu.

Mahakamani niliwaka. Nilisema neno baya hujibiwa kwa neno, si kwa pingu. Serikali ikipewa kazi ya kutuchagulia maneno, kesho itatuziba midomo sote. Kama shemeji aliuza uwanja au hakuuza, sijui hadi leo, na kesi haikunidai nijue. Tulishinda. Nilipogeuka, nilimwona dada, mjane wake, benchi la nyuma, anainuka kuondoka.

Tangu hapo hanisemeshi. Wazazi walishatangulia, watoto sina, nimebaki na yeye tu. Kila Jumapili naenda kwake. Ananifungulia mlango, ananimiminia chai, halafu anaongea na paka. "Mwambie mgeni sukari iko pale." Na paka naye ananikodolea macho kama hakimu. Mara ya kwanza nilicheka. Siku hizi nikirudi kwangu nawasha redio sebuleni na chumbani, nisikie watu.

Jumapili iliyopita nilichoka. "Dada," nikamwambia, "basi nitukane. Nitangaze sokoni. Mahakama yenyewe imeshasema inaruhusiwa. Sema lolote, mradi useme na mimi."

Akaweka birika chini. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu hukumu ile.

"Na asiyetaka kusema," akauliza, "hiyo katiba yako inamlazimisha, wakili?"

Tangu nizaliwe ananiita mdogo wangu. Jibu nilikuwa nalo, nalijua kifungu kwa kifungu. Machozi yakatangulia.

"Haimlazimishi," nikasema. "Kunyamaza nako ni haki."

Akaitikia kwa kichwa. Akachukua kikombe changu, chai ikiwa bado nusu, akaenda kukiosha.